Uuguzi Kabla ya Sindano

Tulipoanza mwaka wa kwanza wa uuguzi, sote tulikuwa na hamu ya sindano. Mama yangu, muuza vitambaa wa Mwanakwerekwe, alikwisha kuwatangazia wateja wake kwamba bintiye anasomea kudunga. Kumbe mtaala ulianza na maadili, mawasiliano na saikolojia.

Mwenzetu mmoja, msichana wa Malindi asiyejua kunyamaza, akamuuliza mwalimu, "Sasa Mwalimu, mgonjwa akija anatokwa na damu, nimpe saikolojia?"

Darasa likaangua kicheko. Mwalimu mwenyewe alicheka mpaka akavua miwani. Kisha akatwambia falsafa ya masomo yetu ni kumuuguza mtu, si ugonjwa wake tu. "Lakini haya maneno mtayakariri tu. Kesho mtalala vitandani."

Kweli, kesho yake nusu yetu tukawa wagonjwa katika chumba cha mazoezi. Mimi nikaangukia mikononi mwa yule msichana wa Malindi. Niliambiwa mikono yangu haifanyi kazi, naye anilishe uji. Akanilisha huku anampigia jirani yake hadithi ya harusi. Sijameza, kijiko kingine kishafika. Uji ukanichuruzika mpaka kwenye mtandio.

"Wa moto!" nikalalamika.

"Mgonjwa tulia," akanijibu, akarudi harusini.

Nilicheka hadi nikapaliwa. Lakini mwalimu aliponiuliza nimejionaje, jibu lilinitoka bila kufikiri: "Kama gunia linalojazwa."

Hakuna aliyecheka. Yule msichana akachukua kitambaa, akanifuta kidevu taratibu.

Baadaye tukapelekwa wodi ya wanawake. Nikapangiwa bibi mmoja wa Makunduchi, mkulima wa mwani, aliyevunjika mguu. Mfupa ulikuwa umeunga vizuri, ila kila akiambiwa afanye mazoezi ya kutembea, anageukia ukutani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Na wewe umekuja kunambia niinuke?"

"La. Nimekuja kukuuliza kwa nini hutaki."

Akanivuta karibu. "Hili gauni lenu liko wazi nyuma," akanong'ona. "Na wanaume wanaingia humu kutazama wagonjwa wao. Nitembee uchi, mwanangu?"

Nikafungua kabati lake, nikatoa doti yake ya kanga. Moja nikamfunga kiunoni, nyingine akajitanda mwenyewe. Akashika fremu ya kutembelea, nami nikamshika kiwiko, tukaenda hatua kwa hatua mpaka dirishani. Wodi nzima ikapiga vigelegele.

"Mnanifanya bi harusi?" akawafokea, jasho likimtiririka. "Basi nitunzeni!"

Mama wa kitanda cha pili akamtunza chungwa. Bibi akalipokea kwa madaha yote, akanikabidhi nimshikie, akageuza fremu kuelekea mlangoni. "Twende tena," akasema. "Na kule hawajanitunza."