Mwanya wa Jenoveva

"Haya si meno yangu, fundi. Haya ni ya punda, tena punda wa kuazima. Mwanya wangu uko wapi?"

Jenoveva aliyasema hayo baada ya kuyatema meno yenyewe kiganjani na kuyatua mezani, kwa hiyo nusu ya maneno yalitoka upepo mtupu. Lakini Alfonce, fundi wa meno ya bandia, alimwelewa vizuri. Alikuwa ameshamwelewa tangu mlangoni, mama wa watu alipoingia bila hodi katika chumba chake pale Bunda mjini, akawapita wagonjwa wawili waliokaa kwenye benchi na kwenda moja kwa moja mezani, kama mtu anayerudisha samaki aliyeoza.

Alfonce akajitetea. Pengo lilikuwa pana, akasema, na yeye alichagua meno mawili makubwa kuliko yote katika boksi lake ili lizibe vizuri, na limeziba. Wanawake wengine wakizibwa hivyo wanamletea kuku. Mwanya ni kazi ya Mungu, si ya fundi.

"Mama Mseti, watu wananilipa nizibe. Wewe ndiye wa kwanza kutaka nitoboe."

"Basi niandike wa kwanza."

Wale wawili wa kwenye benchi wakasogea ili wasipitwe. Mmoja shavu lilikuwa limevimba kama andazi, lakini alisahau kuugua.

Sasa mtu asimwone Jenoveva mkorofi bure. Huo mwanya aliozaliwa nao kule Mwitongo, Butiama, aliurithi kwa bibi yake mzaa baba, kama wengine wanavyorithi ng'ombe. Msichana mwenye mwanya anahesabiwa mzuri hata kama mengine yote yamempita kando, na Jenoveva hayakumpita mengi. Lakini yeye hakuutumia kwa urembo. Aliutumia kwa kazi. Alipokuwa akichunga mbuzi wa baba yake alijifunza kusukuma ulimi nyuma ya meno na kupuliza, na mluzi uliotoka hapo ulikuwa unawageuza mbuzi wakiwa ng'ambo ya bonde, midomo yao imeshafika kwenye mihogo ya jirani. Baba yake alimkataza. Alimwambia msichana anayepiga miluzi anaita nyoka na anafukuza wachumba. Jenoveva akasikia, akaitikia vizuri, akaendelea kupiga.

Nyoka hakuja. Mchumba alikuja. Alikuwa Wenceslaus, mvuvi wa huko rasini ziwani, aliyepanda Butiama kuuza samaki wakavu. Alisikia mluzi, akadhani ni kijana mwenzake, akaufuata, akakuta binti anacheka na mwanya wake. Samaki aliowaacha njiani hakuwaona tena, na mpaka leo hajawahi kulalamika.

Wakahamia Nyasho, Musoma. Wenceslaus akawa anavua, Jenoveva anauza. Wauza samaki wengine walipita vichochoroni wakipaza sauti hadi makoo yanakauka. Yeye aliweka beseni kichwani, akafika kwenye kona, akapiga mluzi mmoja mrefu wenye kupinda mwishoni. Basi. Wanawake jikoni walijua sato wamefika, na kwamba ni sato wa leo, hawajalala. Saa nne asubuhi beseni lilikuwa tupu, na Jenoveva yuko kwake ameweka miguu kwenye maji.

Halafu ukaja mwaka wa 1983. Wanaoukumbuka hawahitaji kuelezwa, na wasioukumbuka watadhani wanadanganywa. Mche wa sabuni ulikatwa kwa uzi ili watu wagawane. Nguo zilifuliwa kwa majani ya mpapai. Uji ulinywewa kwa chumvi, na mtoto aliyelilia sukari aliambiwa sukari imesafiri. Siku ikisemekana sukari imefika kwenye duka la ushirika, foleni ilipangwa kabla hakujapambazuka, na anayechoka kusimama aliacha jiwe lake mahali pake. Jiwe liliheshimiwa kuliko mtu. Kusogeza jiwe la mwenzako ilikuwa kutafuta kipigo.

Jenoveva alipanga jiwe lake pamoja na la Dorotea. Huyu Dorotea, Mama Robi, milango yao ilitazamana, jumuiya yao moja, na walinyonyesheana watoto kila mama mmoja alipochelewa. Wakapatana: kila mtu anauziwa kilo moja na sukari yenyewe haitoshi, kwa hiyo atakayefika kaunta kati yao anunue, nyumbani wagawane nusu kwa nusu.

Mlango ulipofunguliwa foleni ikafa palepale. Jenoveva alikuwa mbele, mikono imeshashika kaunta ya saruji. Dorotea, nyuma yake, akaona mfuko mmoja tu umebaki. Hakufikiri. Akapanda mgongo wa shoga yake kama anayepanda ukuta, mkono ukaufikia mfuko. Mdomo wa Jenoveva ukafikia saruji.

Dorotea alitoka na kilo ya sukari. Jenoveva alitoka na meno yake mawili ya mbele ameyafunga kwenye pindo la kanga, pale anapofungaga hela.

Alikaa nyumbani wiki nzima, mdomo umevimba, anasubiri nusu yake. Haikuja. Siku ileile Dorotea alikuwa amefikiwa na wakwe, na wakwe walikunywa chai kana kwamba kwao wamefungiwa maji. Sukari ikaisha. Baada ya hapo aibu ikaingia. Kupeleka nusu kilo kungemlazimu aseme neno juu ya meno, na juu ya meno hakuwa na neno la kusema. Akanyamaza. Jenoveva naye angekufa kabla hajaenda kudai. Kanisani wakati wa kupeana amani walishikana ncha za vidole, na samaki Dorotea akaanza kununua kwa Gati, ambaye mizani yake kila mtu anaijua.

Kilichomuuma Jenoveva zaidi ya sukari kilikuwa mluzi. Ulikwenda na meno. Akipuliza, unatoka upepo kama wa baiskeli iliyochomwa na mwiba. Akajaribu kuita kwa mdomo kama wenzake, lakini muuza sato ambaye hawezi kutamka "sato" ana kazi gani mjini? Watoto walimfuata nyuma wakimwigiza, thato, thato, kona hadi kona. Beseni lililokuwa likiisha saa nne likawa linafika jioni, na samaki waliobaki akawabanika na kuwauza kwa bei ya kusikitisha. Akaanza kuchekea ndani ya kanga. Baadaye akaacha kucheka.

Miaka ikaenda. Ukaja wakati wa ruksa, maduka yakajaa hadi yakamwagikia barazani: sabuni za rangi rangi, mitumba, sukari ya magunia ambayo hakuna aliyeipangia jiwe. Na Alfonce, aliyefundishwa kazi na wamisionari, akafungua chumba chake Bunda. Ukutani alibandika picha aliyoichana kwenye gazeti la Wazungu: jino limekazwa kwenye mfupa wa taya kwa skrubu, kama bawaba kwenye mlango.

Siku ya kwanza alipofika, Jenoveva aliipenda hiyo picha kuliko kitu chochote mle ndani. Aliona jino la namna hiyo hakuna Dorotea wa kuling'oa. Alfonce alimweleza kwamba hiyo ni kazi ya Ulaya, wanatoboa mfupa kwanza, kisha wanakaa miezi wakisubiri upone, na bei yake ni ya mtumbwi na injini yake. Jenoveva akaitazama picha mara nyingine, akapanua mdomo, akauma nta ya kuchukulia kipimo kama wenzake wasio na mtumbwi. Ilimgharimu beberu mmoja na dagaa wa msimu mzima.

Akarudi Nyasho na meno meupe, makubwa, yaliyobanana. Wenceslaus alikuwa uani anashona nyavu. Akainua macho, akamtazama mkewe muda mrefu kwa heshima.

"Karibu, mgeni," akasema. "Mwenye nyumba hayupo, ameenda Bunda."

Aliona ametania. Jenoveva akacheka kidogo, akaingia ndani kutafuta kioo, na hakutoka upesi.

Asubuhi akaweka beseni kichwani, akafika kwenye kona, akapuliza. Kimya. Ilikuwa kama kupuliza mlango uliofungwa. Akapuliza tena. Mara ya tatu alipuliza kwa hasira ya miaka tisa, na meno yakaruka pamoja na bamba linaloyashikilia, yakatua miguuni pa mteja aliyekuwa ameshashika bakuli lake. Yule mama akayaangalia, akauliza na hayo yanauzwaje.

Ndiyo maana kesho yake Jenoveva alipanda lori la samaki kurudi Bunda, na ndiyo maana hakupiga hodi.

Alfonce alimwacha aseme hadi akaishiwa pumzi, kisha akamweleza ukweli. Unga wa kutengenezea ulikuwa umemwishia, na wa kumletea mwingine hajulikani atapita lini. Akiyagusa hayo meno kwa tupa na mkono ukateleza, yatapasuka.

"Nikikosea, mama, unarudi na pengo lako lilelile. Na beberu nimeshamla."

Mwenye shavu lililovimba akamshauri ayachukue hivyo hivyo, yanapendeza. Jenoveva hakumgeukia.

"Fundi," akasema polepole, akilipa kila neno nafasi yake, "mimi sikuja hapa kununua sura. Nina miaka arobaini na mitano, sura ya nini? Nimekuja kutafuta mluzi wangu."

Akafungua pindo la kanga. Ndani yake kulikuwa na kitambaa, na ndani ya kitambaa meno mawili madogo, yamekuwa manjano na kupasuka nyufa kama udongo wa kiangazi. Alikuwa anayahamisha kutoka kanga hadi kanga tangu ile siku ya foleni. Hata Wenceslaus hakujua.

Alfonce akayachukua, akayasogeza dirishani. Kuyatumia haingewezekana, yalikuwa yamekauka mno. Lakini akayapanga kando ya yale makubwa, akayapima kwa uzi, na uso wake ukabadilika.

"Kumbe yalikuwaga madogo hivi," akasema. "Kwa nini hukunionyesha?"

"Hukuuliza."

Akashika tupa. Akasugua upande wa ndani wa jino la kwanza, akasugua na wa la pili, unga mweupe ukawa unaanguka mezani kama wa muhogo, na yule wa shavu akaziba macho. Akaongeza vibanio viwili vya waya vya kushika meno ya pembeni ili bamba lisiruke tena. Jenoveva akavaa, akapuliza. Upepo. "Bado," akasema. Akavua, tupa ikapita tena kidogo. Akavaa. Upepo, lakini huu ulikuwa na ukali fulani ndani yake. "Bado." Jasho lilikuwa linamtiririka Alfonce hadi kwenye ndevu. Alisugua kiasi cha unywele mmoja, akampa bila kumtazama.

Mluzi ulitoka mrefu, ukapinda mwishoni. Mbwa aliyelala nje barabarani akasimama. Mwenye shavu akaruka kutoka kwenye benchi na kuanza kuugua upya. Alfonce akapuliza unga mezani, akakohoa.

"Hata mimi sijui nimefanyaje," akasema.

Jenoveva alifika Nyasho alasiri. Hakwenda hadi mlangoni. Alisimama mwanzo wa kichochoro, akapiga mara moja tu. Wenceslaus akaweka nyavu chini, na mkewe alipoingia uani alikuta kigoda kimeshafutwa vumbi.

"Mwenyewe amerudi," akasema mzee wa watu, akainama kutafuta sindano yake ya nyavu, akaitafuta muda mrefu ingawa ilikuwa mkononi.

Kesho yake asubuhi sato walikuwa wengi. Jenoveva alifika kwenye kona, akapiga. Mlango mmoja ukafunguka, wa pili, wa tatu, masufuria yanagongana, mtu anauliza nani amefufuka. Mlango wa Dorotea ulikuwa wa nne. Alitoka mikono inadondosha maji, kanga imefungwa ovyo, hana bakuli. Alishika mfuko wa nailoni.

"Mama Mseti," akasema. "Nusu yako."

Jenoveva akaupima mfuko kwa kiganja. Duka la pembeni lilikuwa na gunia zima limefunguliwa barazani, nzi na nyuki wanajihudumia. Nusu kilo ya siku hiyo haikufika hata bei ya mkia wa sato. Dorotea akaeleza, macho chini, kwamba aliinunua zamani, sukari iliporudi tu madukani. Ilikaa kabatini, sisimizi wakaila, akanunua nyingine, ikaganda, akanunua nyingine. Kila siku alisema kesho.

"Nilikuwaga nakuona unapita kimya, naishiwa nguvu. Leo nimesikia mluzi, nikasema hata akinitukana, atanitukana akiwa na meno."

Kwa miaka tisa Jenoveva alikuwa ametunza maneno ya kumwambia huyu mwanamke, makali, yamepangwa vizuri kwa ukubwa wake. Akayatafuta. Mengi akakuta yamelala, hayauziki.

"Hata hii imeganda," akasema.

"Naiona."

"Basi iponde. Na uchemshe maji, sitakunywa chai jua likiwa kichwani."

Akatua beseni kwenye kizingiti cha Dorotea, ambacho hakuwa amekivuka tangu mwaka ule, akaingia. Dorotea alianza kusema juu ya meno, Jenoveva akamzuia kwa mkono.

"Ya meno nimemalizana na fundi. Wewe ulikuwa na sukari yangu tu, na sasa huna."

Wateja walimwita kutoka nje, akawajibu wasubiri au waende kwa Gati. Chai ikaja. Akatia vijiko vinne, akakoroga, akaonja, akasema bado, akaongeza.