Namba Iko Kitabuni

Juzi kwenye basi la Peckham, huku ughaibuni, mama Mkenya mwenye sare ya uuguzi alipiga simu kituo cha polisi cha kijijini kwao, spika wazi, kuuliza kama ndugu yake amekamatwa.

"Nipe OB namba," afande akasema.

"Naipata wapi?"

"Imeandikwa kwa OB, kile kitabu cha matukio ya kituo. Kiko hapa mezani."

"Si basi ukifungue, uangalie jina lake?"

"Bila namba siwezi, madam."

Mama akafumba macho, akaiegemeza simu kwenye paji la uso. Ndipo sauti nyingine ikasikika kwa mbali: "Huyo ni dadangu? Mwambie niko huku seli."

"Nyamaza wewe," afande akamwambia. "Namba yako bado haijapatikana."

Nilishuka basi kabla ya kufika kwangu, nisije nikamsaidia yule mama kumtukana afande.