Nilivyojipaka Maziwa ya Sala

Mimi ndiye ninayewagombeza watu kwa uchafu, basi nichekeni bila huruma. Wakati wa korona, mjukuu wangu Neema alichumbiwa na kijana wa Kihindu. Akanitoa Guildford, huku Uingereza, kwa treni mpaka mji wa milimani, tukae kwa wakwe siku za Diwali, sikukuu yao ya taa. Njiani akanisihi, "Bibi, hawajanikubali bado. Usiniaibishe."

Kesho yake wakasali sebuleni. Baba mkwe akapita akimtilia kila mtu kijiko cha majimaji meupe kiganjani. Nikajisemea, hawa wasafi, wana sanitaiza yao. Nikajisugua mpaka viwiko. Ilinata, lakini dawa ni dawa. Mara nikamwona bibi yake yule kijana anapeleka kiganja mdomoni. Nikamdaka mkono: "Mama, usinywe! Utakufa!"

Neema akafunika uso. "Bibi, please! Ni maziwa na asali, wameyaombea. Ni ya kunywa."

Yule bibi akavitazama viwiko vyangu vinavyong'aa asali, akauliza kitu kwa Kiingereza. Neema akanitafsiria kwa sauti ndogo:

"Anauliza, kwenu haya huwa mnayaogea?"