Alama ya Ukucha kwenye Pembe ya Picha

Jana mjukuu wangu alipochemsha uji wa unga ili abandikie ramani yake ya shule, harufu ile ilinirudisha katika nyumba ya mama yangu, upande wa Nyamira, miaka michache baada ya uhuru. Mama alibandika karatasi kwenye kuta zetu za udongo kwa uji wa namna hiyohiyo. Karatasi zenyewe alipewa na Mzungu aliyekuwa akihama Nyanchwa: magazeti ya Kiingereza ya kusomwa na familia, ya enzi ya malkia wao wa kale, yaliyojaa mashairi, kila shairi na picha yake.

Mimi sikupelekwa shule. Nilisoma picha. Moja ilikuwa ya mwanamke dirishani, mistari yake myembamba kama nywele, na kwenye pembe ya chini palikuwa na alama ndogo, mfano wa vijiti viwili vilivyopishana. Alama hiyohiyo niliiona kwenye picha iliyokuwa karibu na mlango. Magokoro, nyanya yangu mfinyanzi, alitia kila chungu alama ya ukucha chini ya shingo. Basi nilijua maana yake. Mkono mmoja ulikuwa umezichora zote mbili.

Jioni moja kaka yangu Ombati, wa darasa la saba, alikuja na kisu. Alitaka kubandua ukurasa wa yule mwanamke ili akakariri shairi lake mbele ya shule. Nikasimama, mgongo ukutani.

“Ondoka hapo. Wewe hata jina lako huwezi kuandika.”

“Na wewe macho ni ya nini? Uji umekauka, utairarua. Keti unakili.”

“Picha ni pambo tu! Mwenye shairi, jina lake hili hapa.”

“Na mwenye picha huyu hapa.” Nikaweka kidole penye alama. “Ile ya mlangoni ni yake pia. Haya soma, msomi!”

Ombati akaitazama pembe ile, akaenda mlangoni, akarudi. Hakuwahi kuiona. Baba, aliyekuwa akinoa panga, alicheka hadi akakohoa. “Mtu wa shule, tafuta kalamu.”

Alinakili, akashangiliwa kwa shairi na kwa jina la mshairi. Vile vijiti viwili havikutajwa na yeyote. Nililia kwa hasira, nikidhani nimelilia karatasi. Baadaye sana ndipo nilipoelewa kwamba siku ile nilimtetea magokoro, nikajitetea na mimi: sisi ambao kazi yetu hutazamwa kila siku pasipo mtu kuuliza ni ya nani.

Sasa, mjukuu, maneno haya umeyaandika wewe, na mwandiko wako ni mzuri. Weka jina lako juu ukipenda. Lakini pembe ya chini usiiguse. Lete karatasi hiyo, nitie ukucha wangu.