Mguu wa Lonzo upande wa pili

Mume wangu Lonzo Gathright hakuwa mtu wa kujengewa sanamu. Kafanya kazi kiwanda cha kuchambua pamba miaka kumi na tisa, mashine ikamla vidole vya mguu wa kushoto, wakamrudisha nyumbani na pole. Mzito kwenye kuni, mwepesi kwenye chupa. Lakini akishika gitaa! Hata mchungaji wetu, anayesema muziki wa bluzi ni wa shetani, alikuwa akifika barazani kwetu anapunguza mwendo. Nilimwona.

Alitoa santuri mbili. Ile ya pili walimpeleka Memphis, wakamvua viatu, wakamtandikia zulia, eti mguu unapiga kelele. Lonzo bila kugonga mbao za sakafu si Lonzo. Santuri safi kama kikombe cha hospitali, na mimi siisikilizi.

Ya kwanza walikuja kuirekodi jikoni kwangu, mwaka sabini na moja. Inakwaruza. Feni inalia, kambare anakaangwa, kuku kapita mlangoni. Upande wa pili ndio wenyewe. Gitaa linalia kama mtu anayeomba msamaha. Lonzo hajawahi kuniomba msamaha kwa mdomo, na alikuwa na ya kuombea mengi. Basi tangu nimzike, miaka ishirini na mbili, kila Jumapili nausikiliza upande ule, najiambia, haya, kaniomba kwa mkono.

Mwaka huu akaja Dahlgren, mzungu fundi wa sauti. Anazo kanda zenyewe za jikoni, anataka kuitoa santuri upya. Hosea, binamu yake Lonzo, akapata habari, akaja na fimbo yake. Huyu Hosea hakuja mazishini. Tangu siku ile sijamsemesha, na kanisani tunakaa benchi moja.

"Shemeji," akasema, "kabla hawajachapa majina ya wapigaji. Upande wa pili ni mimi."

"Wewe?" Miaka ishirini na mbili ya kununa ikaishia hapo. "Wewe unayepiga gitaa kama unakuna mbwa?"

"Mimi huyo huyo."

"Bwana Dahlgren, weka kanda. Huyu mzee tumwaibishe mapema, nina maharage jikoni."

Dahlgren akaweka ile aliyoisafisha. Gitaa likatoka jeupe, limenyooka, hakuna feni, hakuna kuku. Nikasikiliza. Nikasikiliza tena. Bwana wee, sikumjua anayepiga. Ningeambiwa ni mtu wa Chicago ningekubali.

"Umemwosha mpaka umemtoa ngozi," nikamwambia. "Mguu uko wapi?"

"Ule mdundo, Bi Verlene? Niliuondoa. Ulikuwa unachelewa, unavuruga."

"Unachelewa kwa sababu hauna vidole! Niwekee ile chafu."

Akaweka chafu. Mguu ukaja. Du, halafu unasita, du. Nilimgeukia Hosea nikamcheka mpaka meno ya bandia yakacheza.

"Haya, sema. Huo mguu wako?"

"Mguu ni wake," akasema Hosea. "Nani kakwambia na mkono ni wake? Alikaa mezani ananigongea. Asubuhi ile alikuwa anavunja shingo ya chupa apate ya kuvaa kidoleni, ya kutelezesha kwenye nyuzi. Ikamkata. Akapiga upande mmoja, kitambaa kikaloa damu, akanipa gitaa."

"Muongo tangu tumboni."

"Kidole nani alikifunga, shemeji?"

Nilikifunga mimi. Nilichana kitambaa cha mfuko wa unga. Lakini siku hiyo? Mimi nakumbuka ni siku nyingine, kulikuwa na matope. Au matope yalikuwa ya mwaka uliofuata. Na kama alipiga Hosea, mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo kwenye jiko, mbona sikuona? Nilikuwa nimewapa mgongo. Nilikuwa nimemnunia Lonzo. Kwa nini, sikumbuki hata hilo.

Kanda ikawa bado inazunguka. Mwishoni kabisa, mahali ambapo santuri haikufika, chini ya mchakacho wa mafuta, mtu akasema, "Verlene, leta pilipili ya chupa." Sauti ya Lonzo. Mdomo umejaa samaki. Na iko mbali, huko mezani, na gitaa liko karibu kabisa na kipaza sauti, linaendelea, halikuruka hata uzi mmoja.

Dahlgren hakunitazama. Afadhali.

"Mbona hakuniambia?" nikamuuliza Hosea. "Alinisikia nikiusifu upande ule. Alikuwa anaitikia asante!"

"Hukuwahi kumsifu kitu kingine," akasema. "Akaniomba ninyamaze. Mazishini wangeupiga upande ule, shemeji. Ningekaa wapi, wakimsifu kwa mkono wangu?"

Sasa nilielewe vipi hilo? Ni sababu au ni kisingizio? Na mimi Jumapili zote zile nilikuwa namsamehe nani, mume wangu au huyu hapa na fimbo yake?

"Andika Hosea kwenye gitaa," nikamwambia Dahlgren. "Mguuni andika Lonzo. Na ukiufuta mguu nakuja huko kwenu."

"Na pilipili?"

"Iache. Ndiyo ya kwake."

Maharage yalikuwa yameungua. Nikampa Hosea sahani hivyo hivyo, akala, sikumwambia karibu. Halafu nikamwambia Dahlgren arudie upande wa pili, ile chafu. Gitaa likaanza kuomba. Nikamtazama Hosea, nikatazama ile meza ya Lonzo, nikamtazama tena Hosea. Sikujua nikasirike na yupi.