Waliobonyeza Tangazo la Ruqaiya

Mzee Cleopas, mwenye kibanda, alikuwa amempa Ruqaiya hadi saa kumi alasiri aseme kama anabaki na kulipa kodi mpya. Muda huo ukipita bila jibu, kibanda chake cha soko la Wandegeya, Kampala, kingechukuliwa na mwanamke anayeuza kava za simu, ambaye asubuhi ile alikuja na futi ya fundi akapima ukuta huku Ruqaiya ameketi palepale, kana kwamba hayupo.

Ruqaiya aliuza kawa, vile vifuniko vya kusuka vya kufunikia chakula, ambavyo Wanubi wa mji wa Bombo hawakubali harusi ipite bila kuwa navyo. Alifundishwa na bibi yake angali na miaka minane, na hadi leo vidole vyake havikosi rangi, leo nyekundu, kesho zambarau. Miaka kumi na mmoja alikuwa amekaa katika kibanda hicho, tangu mwaka aliofiwa na mumewe. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Wateja walipomkuta akisuka, walingoja amalize mzunguko kabla ya kuwainulia macho.

Kodi ilipopanda, alijikuta na uwezo wa kulipia kitu kimoja tu mwezi ujao: kibanda, au tangazo la Facebook. Tangazo hilo, lililokuwa limekwenda mwezi mmoja, lilisimamiwa na Pitshou, Mkongo wa Bukavu mwenye chumba cha kuchapisha karatasi karibu na hosteli za wanafunzi. Mwishoni mwa mwezi Pitshou alimwonyesha kwamba watu mia mbili na kumi na wanne walikuwa wamebonyeza tangazo na kumwandikia. Mia mbili! Kibandani hajawahi kuwaona wengi hivyo kwa mwezi. Akaanza kujiambia kwamba atahamishia kazi nyumbani, Kyebando, auze kwa simu.

Asubuhi ile, kabla ya kumpelekea Mzee Cleopas ufunguo, alihesabu kawa zilizotoka kwa sababu ya tangazo. Zilikuwa tisa.

Saa saba na nusu alisimama mbele ya meza ya Pitshou.

"Umenila pesa, Pitshou."

"Mama Ruqaiya, karibu kwanza, keti."

"Sikai. Hao mia mbili umewatoa wapi? Umewaokota barabarani?"

Pitshou aliacha mashine iendelee kutapika karatasi za mwanafunzi fulani. "Mama, mimi si mwizi. Mwizi angekupatia hata wateja wa uongo wanunue kidogo, usijue. Lete simu yako. Tuwasome mmoja mmoja."

Walianza kusoma, maana Ruqaiya alikuwa akiwafungua wanaouliza bei tu. Wa kwanza alikuwa ameandika: Mashallah. Wa pili: Mashallah, mwanetu. Wa tatu alituma maua matupu. Ruqaiya alisogeza kidole haraka zaidi, kwa sababu majina aliyafahamu. Huyu ni binamu. Huyu ni mke wa mjomba. Huyu walisoma naye Kurani. Na huyu, aliyebonyeza mara ishirini na sita, alikuwa Hajati Zulaikha, dada mkubwa wa mama yake.

Akampigia palepale, sauti wazi.

"Mama Hajati, tangazo langu unalionaje?"

"Zuri mno!" Hajati alijibu kwa furaha iliyojaza chumba. "Kila siku baada ya alfajiri tunakubonyezea. Nimewaambia kina mama wote kwenye grupu la ukoo: asiyembonyezea Ruqaiya asije kwangu na sahani yake. Umepanda, siyo?"

Ruqaiya alifumba macho. "Nimepanda, Mama Hajati."

"Kesho tutaongeza."

"Msiongeze." Sauti ilimtoka kavu kuliko alivyotaka. "Mama Hajati, kila mnapobonyeza mimi ninakatwa pesa."

Hajati akasema polepole, "Sisi tulikuwa tunakusukuma, mwanangu."

"Najua."

Alipokata simu hakuweza kumtazama Pitshou. Pitshou naye aliongea akiwa ameikodolea macho skrini. "Tena kuna kibaya kingine, Mama. Tangazo linajifunza. Limeona wamama wa Bombo wanalipenda, limekwenda kuwatafuta wamama wengine wa Bombo."

"Wanaosuka kawa wenyewe."

"Wenyewe kabisa."

Mwezi mzima alikuwa amelipa ili wasukaji waonyeshwe kazi ya msukaji. Angecheka, kama saa ya ukutani isingeonyesha saa tisa na dakika tano.

"Tuwatoe ndugu," alisema, na safari hii akaketi. "Tuone wanaobaki."

Wakawatoa. Kila jina alilitazama, akasema "ndugu" au "mgeni", na Pitshou akachora mstari. Walibaki wageni thelathini na mmoja. Kati yao, tisa ndio walionunua.

"Tisa kwa thelathini na mmoja si mbaya," Pitshou alisema. "Hapo tangazo limefanya kazi. Hama, Mama."

Ruqaiya karibu akubali. Mkono ulishakwenda kwenye simu. Lakini kitu kikamkwaza, akarudi kwenye wale tisa na kuwakumbuka mmoja mmoja. Mwalimu wa Mulago alikuja kibandani, akaigeuza kawa, akainusa. Mama wa harusi alikuja na dada zake watatu wakabishana rangi. Mwingine aliandika "nitapita niione kwanza," na akapita kweli.

"Wawili," alisema. "Wawili tu ndio waliotumiwa kawa kwa bodaboda bila kuishika. Saba walikuja kibandani."

"Lakini waliletwa na simu."

"Waliletwa na simu, wakanunua kwa mikono. Ungeniondolea kibanda, hao saba wangeshika nini?"

Pitshou aliitazama saa ya ukutani. Zilibaki dakika kumi na mbili kufika saa kumi.

Ruqaiya akampigia Mzee Cleopas. "Mzee, nabaki."

"Nyabo, mama, mwenzako amesimama hapa na pesa mkononi."

"Na mimi natembea na zangu."

"Saa kumi ni saa kumi."

Ruqaiya alikuwa tayari mlangoni. "Tangazo nizime?" Pitshou aliuliza.

"Limebakiza siku ngapi?"

"Nne."

"Bombo iondoe. Weka picha ya kibanda, uandike kilipo."

Hakukimbia, mwanamke wa rika lake hakimbii Wandegeya. Lakini alipita katikati ya magari yaliyosimama, akakanyaga maganda ya ndizi, akaingia sokoni pumzi zikimkwaruza koo. Mzee Cleopas aliitazama saa yake, akamtazama yeye, akamgeukia mwanamke wa kava za simu na kumwambia samahani. Mwanamke yule akaondoka bila kuaga. Pesa ya tangazo la mwezi ujao ikaingia yote mfukoni mwa Mzee.

Ruqaiya aliketi, akachukua sindano yake. Mteja akasimama, akachukua kawa ya zambarau, akaigeuza chini juu.

"Umetuona wapi?" Ruqaiya aliuliza. Miaka kumi na mmoja hakuwahi kumwuliza mtu swali hilo hapo kibandani.

"Mimi? Nimepita tu."

Ruqaiya akachukua kalamu, akafungua ukurasa mpya wa daftari, akaandika: amepita tu.