Fundi Hataki Kuandikwa

Fundi cherehani huyu hakuwahi kuficha kwamba alifungwa. Ukimuuliza, atakwambia huku anaendelea kukata kitambaa: kaka yake alimletea bastola, akaifukia kwenye gunia la vipande vya nguo, polisi wakaikuta. Miaka minne! Aliitumikia yote, akarudi kwenye cherehani yake, na mpaka leo mtaani hakuna wa kumzidi kwa kola.

Alichoficha ni binti yake. Mtoto alilelewa na mama yake mkubwa miaka ile, watu wakamjua kuwa wa huko. Alipopata ukarani wa ofisi ya mtaa, alikuja macho chini. "Mama, pale ofisini tusijuane. Wakijua, kazi sina." Fundi roho ilimuuma, lakini akakubali. Mama atafanyaje?

Sasa ukaletwa muswada: kila aliyewahi kufungwa kwa kosa la silaha ajiandikishe ofisi ya mtaa, na kila mwaka aripoti. Na daftari lingeshikwa na nani? Na karani huyo huyo! Yaani mtoto amwandike mama yake mzazi mhalifu, mwaka hadi mwaka, mpaka amzike? Thubutu! Siku ya wananchi kutoa maoni, bintiye alimsihi asije. Akaja, tepu ya kupimia ikiwa bado shingoni.

Ukumbi ulifurika. Mwenyekiti alikaa mbele, karani pembeni yake akiandika kumbukumbu, kichwa hakiinui. Kila aliyesimama aliunga mkono. "Tuwajue hawa watu!" alifoka mwenye duka la dawa, akapigiwa makofi.

Fundi akasimama. "Mnijue mara ngapi? Hiyo suruali, mwenyekiti, nimeiongeza kiuno mara mbili na sikumwambia mtu." Watu wakaangua kicheko. "Nilikosa, nikafungwa, nikamaliza. Mahakama ilinipa miaka minne, haikunipa maisha. Siandikwi ng'o!"

Mwenyekiti hakucheka. "Karani, andika: mfungwa mmoja wa zamani anapinga. Kisha tusomee."

Kalamu ikasita. Fundi akamtazama. Jamani, amemponza mwanawe! Karani aliandika taratibu, akainuka, akasoma kwa sauti iliyofika mpaka mlangoni.

"Fundi cherehani, mama yangu mzazi, anapinga. Na mimi napinga."